Vumbi la Kazi Lisiingie Nyumbani

Liko jiwe ambalo mtu aweza kulichambua nyuzinyuzi kama pamba, akazisokota nyuzi hizo na kuzifuma kuwa nguo. Jiwe hilo laitwa asbesto. Nguo yake haiungui motoni wala haiozi upesi. Kwa hiyo wenye viwanda wa Ulaya na Marekani waliipenda sana tangu mwisho wa karne ya 19. Waliizungushia mabomba ya mvuke na mitambo ya meli ili joto lisipotee. Wakaichanganya na simenti, wakafanyiza mabamba ya kuezekea nyumba.

Lakini jiwe hilo likisagwa, likichanwa au kukatwa kwa msumeno, latoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Mtu akilivuta pamoja na hewa, laingia ndani kabisa ya mapafu, na mwili hauwezi kuliyeyusha. Mapafu hufanya makovu, huwa magumu, na pumzi hupungua mwaka kwa mwaka. Ndio ugonjwa uitwao asbestosi. Wengine hupatwa na kansa ya mapafu, au kansa ya utando uyafunikao mapafu, ambayo waganga huiita mesotelioma. Ubaya wa kansa hiyo ni kwamba hujificha muda mrefu, miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Mtu huvuta vumbi akiwa kijana. Huugua akiwa na wajukuu.

Je, watu hawakuonywa? Walionywa mapema. Mwaka 1898 Bibi Lucy Deane, mkaguzi wa viwanda wa serikali ya Uingereza, aliandika katika taarifa yake kwamba vumbi la asbesto lawadhuru wafanya kazi. Chembe zake zilitazamwa kwa hadubini, zikaonekana kuwa na ncha kali kama vipande vya kioo. Taarifa ikachapwa, viwanda vikaendelea kama kwanza.

Katika mji wa Rochdale, huko huko Uingereza, alikuwako mama mmoja jina lake Nellie Kershaw, aliyesokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Mwaka 1922 alionekana kuwa hawezi kazi tena kwa ugonjwa wa mapafu. Aliomba msaada, kampuni ikakana kwamba kuna ugonjwa wa namna hiyo. Alikufa tarehe 14 Machi 1924, naye alikuwa na umri wa miaka 33 tu. Hata gharama ya maziko kampuni haikukubali kuitoa. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akakuta humo chembe za jiwe lile. Aliandika habari hiyo katika jarida la waganga mwaka uleule, na mwaka 1927 akautumia ugonjwa huo jina la asbestosi.

Ndipo serikali ilipoamka. Daktari Merewether, mkaguzi wa viwanda, aliwapima wafanya kazi 363 wa viwanda vya asbesto. Taarifa aliyoitoa mwaka 1930 pamoja na mwenzake Price, fundi wa mitambo, ilionyesha kwamba robo yao na zaidi kidogo walikuwa na makovu mapafuni. Mwaka 1931 ikatungwa sheria, nayo ikaanza kutumika mwaka 1932. Wenye viwanda waliamriwa kuweka mashine za kufyonza vumbi palepale litokapo. Wafanya kazi wapimwe na waganga. Na mwenye kuugua alipwe fidia. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya namna yake.

Sheria hiyo ilikuwa njema, lakini mkono wake ulikuwa mfupi. Ilihusu hasa kazi za ndani ya viwanda. Waliofunga asbesto katika meli na majumba, pamoja na makuli waliobeba magunia yake bandarini, kwa sehemu kubwa waliachwa nje. Tena wenye viwanda walioshtakiwa kwa kuivunja walikuwa wachache mno. Sheria isiyosimamiwa ni kama mlango usio na komeo: huonekana umefungwa, lakini yeyote aweza kuusukuma.

Na liko kosa jingine kubwa zaidi, lililochelewa kutambuliwa: vumbi halikuishia kazini. Mwaka 1960 Daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma. Karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya jimbo la Cape, lakini wengine hawakuwahi kuchimba. Waliishi tu karibu na machimbo, baadhi yao utotoni. Mwaka 1965 watafiti wawili wa London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, waliwachunguza wagonjwa wa kansa ileile. Walikuta tisa ambao hawakuwahi kuifanya kazi ya asbesto, bali walikaa nyumba moja na mtu aliyeifanya. Wengi wao walikuwa wake waliofua nguo za kazi za waume zao.

Enyi wazazi, fikirini jambo hili. Baba arudi jioni amechoka. Watoto wamkimbilia na kumkumbatia. Mama aichukua nguo yake, aikung'uta, aifua. Hakuna aliyekosa, wote watenda kwa upendo. Lakini kwa kuwa kazini hapakuwa na mahali pa kuoga wala pa kufulia, upendo huohuo wawaletea mauti.

Kwa sababu hiyo mataifa yaliyokutana Geneva mwaka 1986 katika Shirika la Kazi Duniani yalitunga Mkataba wa 162. Mkataba huo waagiza kwamba mwajiri atoe nguo za kazi, naye ndiye azisafishe. Wafanya kazi wapate mahali pa kunawa na kuoga. Tena ni marufuku kuzipeleka nguo hizo nyumbani. Vumbi lililo hewani lipimwe, na afya ya wafanya kazi ichunguzwe bila wao kulipa. Kubomoa jengo lenye asbesto kufanywe na wenye ujuzi tu. Baadaye nchi nyingi zilikwenda mbele zaidi, zikaikataza asbesto kabisa: Uingereza mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2008. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba asbesto ya kila aina huleta kansa, na kwamba kila mwaka yaua watu zaidi ya 200,000.

Kwa sisi Wakristo, hayo si mambo ya mafundi na wanasheria peke yao. Amri ya tano yakataza kuua; na aweza kuua pia yeye ajuaye hatari akainyamazia kwa ajili ya faida. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanya kazi ana haki ya kufanya kazi mahali pasipoharibu afya yake. Basi, kinga si zawadi ya bwana mwema, ni deni.

Hata penye watu wasioijua kazi ya viwanda, asbesto yaweza kuwa juu ya vichwa vyao. Katika nchi zetu za Afrika majumba na shule nyingi za zamani ziliezekwa kwa mabamba yale ya simenti. Nchini Rwanda serikali iliweka mpango wa kuyaondoa. Bamba lililo zima, lisiloguswa, halina hatari kubwa. Hatari huja likivunjwa, likitobolewa au kukatwa. Kwa hiyo tusiyapande, wala tusiyasugue. Vipande vyake tusivisage kwa kutengeneza njia, na watoto wasivichezee. Vumbi lake tusilifagie kavu, lilowanishwe kwanza. Paa ikichakaa, aitwe fundi mwenye kuijua kazi hiyo.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtakuwa kesho mafundi, wasimamizi, waganga na wakaguzi. Mtakapoandika taarifa kama ya Bibi Deane, msiache ikalala kabatini. Nanyi akina baba, kabla ya kuikubali kazi yenye vumbi, ulizeni: Vumbi hili ni la nini? Tutaoga wapi? Nguo atazifua nani? Kuuliza hivyo si ukaidi. Ni kuilinda nyumba ambayo Mungu amewakabidhi.