Neno "boom": Sauti Moja, Asili Tatu

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtatiza mfasiri ni yale yanayoiga sauti. Kwa kuwa sauti husikiwa na kila mtu, mfasiri hudhani kwamba maana nayo imekwisha kujulikana. Katika makala haya tunalichambua neno moja la aina hiyo, nalo ni "boom".

Tuliwahi kuletewa tafsiri ya kanuni za usalama kazini ili tuihakiki. Kanuni moja iliwakataza wafanyakazi kusimama chini ya "boom". Tafsiri ilisema wajihadhari na mlipuko. Mfanyakazi aliyeisoma angetafuta baruti asiione, kisha angeendelea kusimama pale pale ambapo mzigo wa winchi hupita juu ya kichwa chake.

Kosa hilo lilitokana na kudhani kwamba "boom" ni neno moja. Kwa hakika ni maneno matatu yaliyokutana katika tahajia moja.

La kwanza ndilo la kuiga sauti. Katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 15 lilieleza mvumo wa nyuki na nyigu, na baadaye likatumiwa kwa radi na mizinga. Hapa Kiswahili hakina upungufu: nyuki huvuma, radi hunguruma, mzinga hutoa mshindo. Hali kadhalika, ndege ipitayo kasi ya sauti hutoa mshindo, wala si mlipuko, maana hakuna kilicholipuka.

Kutokana na neno hilo au la pili, Wamarekani wa miaka ya 1870 walianza kuita "boom" biashara inayostawi ghafla. Ndivyo unavyoitwa kwa Kiingereza wakati wa 1976 na 1977, bei ya kahawa ilipopanda sana baada ya jalidi kuunguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975. Mkulima aliyeambiwa kuna "mlipuko wa kahawa" angeshtuka, ilhali ilikuwa neema.

La pili lina asili ya Kiholanzi, na maana yake ni mti. Mabaharia wa Kiingereza walilichukua katika karne ya 17 kwa ajili ya mti unaoshika upande wa chini wa tanga. Likaenea hadi kwenye kizuizi cha mlango wa bandari, mkono wa winchi, na fimbo ndefu ya maikrofoni. Hapa hapana sauti yoyote. Wala mfasiri asikimbilie "foromali", kwani foromali hushika tanga kwa upande wa juu.

La tatu ni la Kiarabu: bum, chombo chenye ncha mbele na nyuma. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika bum la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji. Waingereza huliandika "boom", lakini sisi hatuna sababu ya kupitia kwao.

Aidha, wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania huita fedha zao za kujikimu "bumu". Hilo ni neno la mitaani lenye maana yake yenyewe, wala halifai kuwa kipimo cha kufasiria maana nyingine.

Kiswahili nacho hupanua maneno yake ya sauti. Upepo huvuma, ngoma huvuma, na mtu naye huvuma apatapo sifa. Mgeni akifasiri "amevuma" kwa kishindo, atakuwa amekosea kama sisi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) sauti: mvumo, ngurumo au mshindo, kulingana na kinachotoa sauti;
(b) uchumi: ustawi wa ghafla;
(c) mitambo: mkono wa winchi;
(d) bandari: kizuizi cha mlango wa bandari;
(e) matanga: mti wa chini wa tanga;
(f) chombo cha Kiarabu: bum.

Hapana budi mfasiri akitazame kwanza kitu kinachotajwa, ndipo alitafute neno. Sikio peke yake halitoshi.