Shilingi Elfu ya Mtoto na Kiti Kilichokaa Wazi

Barua ililetwa msikitini siku ya Jumanne baada ya Adhuhuri, mkononi mwa kijana wa ofisi ya kata. Ilikuwa na mhuri na aya mbili fupi: Kamati ya Usimamizi ya zahanati yetu imemaliza muda wake, na wakazi wenye nia ya kuwania nafasi za wawakilishi wa jamii wachukue fomu kwa Mtendaji kabla ya tarehe iliyotajwa. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Kupokea barua na kuzifikisha kwa waumini ni amana niliyokabidhiwa. Niliiweka katika jalada pamoja na risiti za umeme, nikikusudia kuisoma Ijumaa. Ijumaa hiyo palikuwa na tangazo la msiba, mchango wa kisima, na jozi ya viatu iliyobadilishwa mlangoni. Barua haikusomwa. Nilipoikumbuka, tarehe ilikwisha pita.

Hayo ni ya miaka mitatu iliyopita. Kamati iliundwa bila ya mtu hata mmoja kutoka katika safu zetu. Miezi michache baadaye ikaamua kwamba fedha za robo ile zijenge uzio. Uzio umejengwa, ni mzuri, na hesabu yake ipo, hakuna aliyeiba. Lakini kila siku ya kliniki kina mama wanaendelea kupanga foleni juani, watoto mgongoni, wakisubiri zamu ya mizani, kwa kuwa banda walilokuwa wakiliomba halikupata wa kulisemea. Walioketi kikaoni ni wanaume watu wazima ambao hawajabeba mtoto kwenda kliniki siku nyingi. Waliona kile kinachoonekana kutoka barabarani.

Tumezoea kudhani kwamba mambo ya afya ya watoto wetu huamuliwa Dodoma. Baadhi ndiyo. Kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano na mama mjamzito watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, hiyo ni sera ya taifa. Lakini sera hiyo ikifika zahanati inakuta kabati la dawa, na kujaa au kuwa tupu kwa kabati hilo kunategemea pia maamuzi yanayofanywa hatua chache kutoka milangoni mwetu, na watu tunaosalimiana nao.

Mpangilio wenyewe, kwa huku Bara, ni kama ifuatavyo. Halmashauri ina Bodi ya Huduma za Afya. Wataalamu walio chini ya Mganga Mkuu wa halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya wa kila mwaka, na bodi huupitia na kuukubali kabla haujafikishwa mbele ya Baraza la Madiwani. Mganga Mkuu ndiye katibu wa bodi hiyo. Wamo wawakilishi wa watoa huduma binafsi, na yumo mwenyekiti wa kamati ya madiwani inayoshughulikia huduma za jamii. Pamoja nao vipo viti vya wananchi wa kawaida, yaani watumiaji wa huduma, ambavyo hutangazwa na watu wakaviomba. Chini ya bodi, hospitali, kituo cha afya na zahanati kila kimoja kina kamati yake yenye wananchi ndani yake, na mganga mfawidhi akiwa katibu. Hakuna sharti la kuwa daktari ili uingie katika viti hivyo. Anayetakiwa ni mtu mzima mwenye akili timamu, anayeishi mahali hapo na anayeweza kusoma mpango na kuuliza.

Zamani mtu angeweza kusema, na kwa haki, kwamba kamati hizi ni za kunywea chai. Hazikuwa na cha kuamua, kwani fedha zilibaki makao makuu ya halmashauri na zahanati ikasubiri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 mambo yamebadilika: fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo chenyewe. Mpango wa kuzitumia hupita mikononi mwa kamati, na kamati ndiyo yenye haki ya kuuliza zimekwendaje. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mtu wa mbali kwa uzio ule. Uliamuliwa kwenye benchi la zahanati yetu, na nafasi yetu katika benchi hilo ilikuwa ndani ya jalada langu.

Kipo kisa tulichosomeshwa chuoni katika somo la tarehe, na wengi wenu mmekisikia katika hotuba. Msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina usiku, na Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) akatoka pamoja na Abdurrahman bin Awf (r.a.) kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamuusia amche Mwenyezi Mungu na amtendee mwema mwanawe, kisha akarudi. Kilio kikaendelea, akarudi tena, na mara ya tatu akamkemea. Mama yule, asiyemtambua anayesema naye, akamweleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa sababu Umar hampi mtoto posho ya Baitul Mal mpaka awe ameachishwa. Wapokezi wanasema Umar aliswalisha Alfajiri ile huku kilio kimemziba, watu wasisikie vizuri kisomo chake. Baada ya swala aliamuru itangazwe kwamba watu wasiwaharakishie watoto wao kuacha ziwa, na kwamba tangu siku hiyo kila anayezaliwa katika Uislamu ana fungu lake. Fungu la mchanga lilikuwa dirhamu 100.

Kisa hiki husimuliwa kuonesha huruma ya Umar, na ni kweli. Mimi hukisoma pia kama kisa cha bajeti. Kanuni ya kwanza haikuwa na ubaya. Ni ruzuku ya watoto, nayo ni jambo jema. Kasoro yake ilikuwa pahala padogo, katika sharti la umri, na kasoro hiyo ikawa inawaondoa watoto vifuani mwa mama zao wakati Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Hakuna mtaalamu wa Baitul Mal aliyeiona kasoro hiyo katika daftari. Aliyeiona ni mama mwenye mtoto anayelia. Na daftari lile la posho, kwa taarifa ya msomaji, ndilo lililoitwa diwani, neno lile lile tunalomwitia leo mjumbe wa kata yetu katika baraza. Diwani wa leo hazunguki usiku kusikiliza vilio, wala hatuna haki ya kumdai ajue ambalo hakuna aliyempelekea.

Posho ya namna yake sisi pia tunayo, ingawa ni ndogo na haifiki mkononi mwa mzazi. Mkataba wa Lishe uliotiwa saini na wakuu wa mikoa mwezi Desemba 2017 uliweka lengo kwamba halmashauri itenge, kutoka katika mapato yake ya ndani, shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya umri wa miaka mitano, kwa ajili ya shughuli za lishe. Fedha hiyo ndiyo inayotarajiwa kuendesha Siku ya Afya na Lishe ya kijiji au mtaa kila robo mwaka, kuwapima watoto, na kuwafunza wahudumu wa afya wanaopita majumbani. Kata yenye watoto 3,000 ina shilingi 3,000,000. Ni fedha ya maturubai, viti na muziki wa harusi moja ya mjini, tena si kubwa sana. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, na mtoto aliyedumaa hatengenezwi tena kwa harusi.

Katika lugha ya ofisi kuna neno kutenga na kuna neno kutoa. Kutenga ni kuandika namba katika kitabu cha bajeti. Kutoa ni fedha kuondoka kwenye akaunti na kwenda kufanya kazi. Mtu anayehudhuria kikao akauliza tu kama fedha za lishe zimetengwa, atajibiwa ndiyo, na jibu litakuwa la kweli. Aulize zimetolewa kiasi gani mpaka mwisho wa robo hii, na zimefanya nini katika mtaa upi. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza, na bajeti ya mwaka unaoanza Julai hupitishwa na mabaraza mwanzoni mwa mwaka wa kawaida. Ukienda mwezi wa Mei kuomba banda la kliniki, umekwenda kuomba wali sufuria likiwa limekwisha oshwa.

Malezi ya mchana ni jambo gumu zaidi, kwani hapo hata elfu moja haipo. Katika mtaa wetu yuko mama muuza vitumbua. Huondoka kabla ya Alfajiri, na mwanawe wa mwaka na nusu hubaki na dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hizo haendi shule. Yuko bibi mmoja anayepokea watoto wa majirani kwa malipo ya kutwa; anawapenda, lakini chumba ni kimoja na jiko la mkaa limo humo humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake zinataka kituo cha kulelea watoto kisajiliwe na kikaguliwe, na ni sawa. Lakini kanuni hainunui godoro. Ruzuku ya kumlipia mtoto wa maskini katika kituo kama hicho halmashauri zetu hazinayo.

Kilichopo ni mkopo. Halmashauri hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya upotevu, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Waislamu wengi hulikimbia neno mkopo kwa kuiogopa riba, na wana haki ya kuogopa. Huu hauna riba. Masharti yasomwe mpaka mstari wa mwisho, masheikh waulizwe penye shaka, lakini usikimbiwe kwa jina lake tu. Kikundi cha kina mama kikitaka kuanzisha kituo cha malezi, mtu wa kuanza naye ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na wa usajili ni Afisa Ustawi wa Jamii.

Wala si jambo geni kwetu. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, mwalimu, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, alianzisha madrasa za watoto wadogo zilizochanganya dini na michezo ya kujifunza, jamii za Waislamu zikizisimamia wenyewe. Zikaenea mpaka Zanzibar na Uganda. Madrasa yetu hukaa tupu tangu saa mbili asubuhi mpaka Alasiri. Tulimwalika afisa ustawi aitazame. Alisema vinahitajika vyoo vya kimo cha watoto, maji, na uzio. Alipotaja uzio niliinamisha kichwa.

Barua mpya ya zahanati imefika wiki iliyopita. Safari hii niliisoma Ijumaa, kabla ya tangazo la viatu. Mzee mmoja aliuliza kama inafaa wanawake kuketi kikaoni na wanaume. Imamu akamjibu kwamba waketi kwa stara yao, na kikao kisigongane na Alasiri, basi. Fomu nne zimechukuliwa, mbili na wanawake. Mmoja wao ni mama wa vitumbua. Alipokuja kwangu nimsaidie kujaza, aliuliza jambo moja tu: kikao huanza saa ngapi, kwani anataka kujua mtoto atamwacha na nani.