Magole: Lalamiko lisilo na tarehe ni hasara kwa mfanyakazi

Bei ya mpunga na mahindi haimpiti mtu pale Magole, wilayani Kilosa, tangu wenye mashine za kukoboa hadi madereva wa malori wanaopakia Dumila. Isiyojulikana ni gharama ya kulalamika kazini. Mfanyakazi wa ghala anayedai malipo ya saa za ziada hupiga hesabu moja tu: akifungua mdomo leo, kesho kazi hana.

Hesabu hiyo ina kasoro. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ametumia haki aliyopewa na sheria, au kwa kuwa ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, si sababu halali. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa alimwachisha kwa haki. Akishindwa, huweza kuamriwa amrudishe kazini au amlipe fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12. Kwa mwenye mashine moja, fedha hizo ni nyingi kuliko saa za ziada alizokwepa kulipa.

Tatizo ni kwamba hakuna mwajiri anayekiri kuwa amelipiza kisasi. Atataja wizi, uzembe au kupungua kwa kazi. Hapo tarehe ndiyo inayosema. Barua ya malalamiko iliyopokelewa tarehe 3 humweka pabaya mwajiri aliyegundua uzembe tarehe 10. Kwa hiyo barua iandikwe nakala mbili, moja isainiwe na aliyeipokea na mfanyakazi aitunze nyumbani, si kazini.

Asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Kuandika masharti ya ajira ni wajibu wa mwajiri, na asipoyaonyesha wakati wa shauri, mzigo wa ushahidi kuhusu masharti hayo humwangukia yeye. Ujumbe wa malipo kwa simu nao ni ushahidi.

Kuondoka kwa hasira ndiyo biashara mbaya kuliko zote. Kutoonekana kazini kwa zaidi ya siku 5 bila ruhusa humpa mwajiri kosa la utoro bila jasho.

Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ofisi ya Morogoro mjini, ambako gharama kubwa ni nauli tu kwani Tume haitozi ada. Aliyeachishwa ana siku 30. Madai mengine, ujira ukiwamo, siku 60. Hujazwa Fomu Namba 1, na nakala hupelekwa kwanza kwa mwajiri. Mlalamikaji anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake, mathalani TPAWU kwa wafanyakazi wa mashambani.

Wanaobaki nje ni vibarua wa msimu. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yuleyule. Hao wanaweza kudai ujira wao, na ni nafuu wakidai kwa pamoja. Palizi na mavuno ya mpunga, hata yakijumlishwa, hayafikishi miezi hiyo.