Kisu Hakigeuki: Kupanga Mabapa ya Zana kwa Mashine ya CNC Yenye Mhimili wa Nne

Mezani kwangu kuna kipande cha alumini kilichoharibika. Kina matundu mawili yaliyotobolewa kutoka pande mbili zinazotazamana, na yalitakiwa yakutane katikati yawe tundu moja. Ukichungulia ndani unaona kijingazi. Nilipokipima kilikuwa milimita 0.4. Kwa macho ni kitu kidogo sana, lakini pini iliyotakiwa kupita hapo haipiti, basi.

Mashine ilikuwa nzima na kisu kilikuwa kikali. Kosa lilikuwa langu. Ebu tulifuatilie, maana ukilielewa hili moja umeelewa karibu kazi yote ya mhimili wa nne.

Mashine ya kawaida ya CNC ya kuchonga ina mihimili mitatu: X kwenda kushoto na kulia, Y mbele na nyuma, Z juu na chini. Kisu kinatokea juu. Kipande kimebanwa kwenye jiliwa, kwa hiyo uso unaochongwa ni ule wa juu tu. Ukitaka ubavu, unalegeza jiliwa, unakigeuza, unabana upya na unatafuta sifuri upya. Kila ukibana upya unaongeza kosa kidogo, na ukishageuza mara tano makosa hayo madogo yanakuwa ukoo mzima.

Mhimili wa nne unaondoa huko kubana-kubana. Juu ya meza ya mashine unafungwa kizungushio chenye taya tatu, nacho kinakizungusha kipande kuuzunguka mhimili X. Mzunguko huo unaitwa A. Kama umewahi kukuna nazi kwenye mbuzi unajua picha yake: meno ya mbuzi hayaendi popote, ni wewe unayezungusha kifuu ili nyama mpya ifike kwenye meno. Hapa pia ni hivyo hivyo. Kisu kinabaki kikitazama chini siku zote.

Sasa tatizo linaingia. Kwenye skrini ya kompyuta, unapochora njia za kisu, kipande hakizunguki. Kimetulia tu, na nyuso zake zote unaziona. Lazima uiambie programu: kwa kazi hii, chukulia uso huu ndio uko juu. Maelezo hayo ndiyo bapa la zana. Ndani yake kuna mambo matatu: sifuri iko wapi, X inaelekea wapi, na Z inaelekea wapi. Z ndiyo inayotoka kwenye uso kwenda kwenye kisu. Y haina haja ya kutajwa, inajipata yenyewe kutokana na hizo mbili. Ukishatoa hayo, programu inapima pembe kati ya bapa hilo na bapa la msingi, inaandika kwa mfano A60, kisha inaandika X, Y na Z kana kwamba uso ule umekwisha letwa juu.

Chukua mfano wa kuchonga kichwa cha pembe sita kama cha boliti, upana wake kutoka ubapa mmoja hadi unaoutazama ukiwa milimita 36. Utahitaji mabapa sita: A0, A60, A120, A180, A240 na A300. Swali ni je, sifuri ya kila bapa uiweke wapi?

Mtu aliyezoea jiliwa anajibu haraka: juu ya uso wenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa, sifuri ya Z ni pale kisu kinapogusa chuma. Lakini ukifanya hivyo hapa umejitengenezea sifuri sita, na kila moja inatakiwa kupimwa mashinani na kuwekwa kwenye nafasi yake, kuanzia G54 hadi G59. Nafasi za kawaida ni sita tu. Kipande kikiwa na nyuso saba umekwama. Njia nyepesi ni kuweka sifuri ya mabapa yote mahali pamoja, kwenye mstari wa katikati ambao kizungushio kinauzunguka. Hapo ndipo mahali pekee pasipohama kipande kikizunguka. Kwa boliti yetu, kila ubapa uko milimita 18 kutoka katikati, kwa hiyo Z ya mwisho ni 18 kwenye mabapa yote sita. Ukiona kwenye kodi uso mmoja unaishia Z18 na mwingine Z17.6, unajua papo hapo kuna bapa limekaa vibaya.

Na hapa kuna mtego. Programu nyingine, ukiongeza bapa jipya, zinaweza kulipa namba mpya ya sifuri bila kukuuliza. Kwenye Mastercam hilo hutokea namba ya sifuri ya bapa ikiachwa kwenye -1, ambayo maana yake ni “jichagulie mwenyewe”. Bapa la kwanza linapata G54, la pili G55, na kuendelea. Wewe umeweka G54 peke yake. Mashine ikifika kwenye G55 haina namna ya kujua kwamba hukuiweka, inatii namba zilizobaki humo tangu kazi ya mtu wa juzi. Kisu kinaweza kwenda kwa kasi kamili hadi kwenye taya za kizungushio. Isome kodi yako kabla ya kubonyeza kitufe cha kijani, uhakikishe ni G54 tu toka juu hadi chini.

Jambo la X linaonekana dogo. Kila bapa lazima X yake ifuate mstari wa kizungushio, na ielekee upande uleule. Ukitengeneza bapa kwa kubofya uso wa kipande, programu inaweza kukupa Z nzuri kabisa huku X imegeukia kwingine. Mashine yenye A tu haina jinsi ya kulifikia bapa hilo, ingehitaji mhimili mwingine tena. Ama kitafsiri cha kodi kinagoma, ama kinaandika kitu cha ajabu. Mimi siku hizi sibofyi nyuso. Nachukua bapa la msingi nalizungusha kuuzunguka X, digrii ninazotaka, basi.

Halafu kuna alama: chanya au hasi? Kanuni ya mkono wa kulia inasema hivi: elekeza dole gumba upande wa X chanya, vidole vingine vinavyojikunja vinaonyesha A chanya. Sawa, lakini kinachozunguka ni nini? Kanuni inahesabu kana kwamba kisu ndicho kinachokizunguka kipande. Sisi tunazungusha kipande, kwa hiyo machoni petu kinakwenda kinyume. Isitoshe, ukikihamisha kizungushio kutoka kushoto kwa meza kwenda kulia, mwelekeo unageuka tena, labda mtu abadilishe mpangilio wa mashine.

Boliti ya pembe sita ni mwongo hapa. Nyuso zake zote zinafanana, hivyo hata A ikiwa kinyume boliti inatoka safi na wewe unajipongeza. Wiki inayofuata unachonga kitu chenye tundu upande mmoja na mfereji upande mwingine, kumbe A90 imeuleta uso wa 270. Dawa yake ni kalamu ya wino. Andika 1, 2, 3, 4 kwenye nyuso za chuma kibichi kama zilivyo kwenye mchoro wa kompyuta, iambie mashine A90 kwa mkono, uangalie namba ipi imekuja juu. Ni kazi ya nusu dakika.

Kisha urefu salama, yaani kimo ambacho kisu kinapanda kabla kipande hakijazungushwa. Kwenye jiliwa milimita 5 juu ya uso zinatosha. Chukua sasa mti wa chuma wa mraba wa milimita 50. Uso wake uko 25 kutoka katikati, lakini pembe yake iko 25 mara mzizi wa 2, ambayo ni 35.36. Ukiacha kisu kwenye Z30 ukidhani uko salama, pembe inapopita juu itakigonga. Kwa hiyo pima kwa pembe, si kwa uso, uongeze na nafasi ya kupumulia. Mimi ningeweka 45 na sitaki ubishi.

Turudi kwenye kipande changu. Mabapa yangu yalikuwa sahihi, yote yakishirikiana sifuri moja katikati. Kwenye skrini. Ila mashinani, sifuri ya Y niliyoipima haikuwa katikati ya kweli ya kizungushio, ilikuwa pembeni kwa milimita 0.2. Kwenye A0 tundu likaenda pembeni 0.2. Kwenye A180 kisu kilisimama palepale, lakini kipande kilikuwa kimegeuka, kwa hiyo kosa likaangukia upande wa pili. Mbili ukizijumlisha unapata 0.4, kile kijingazi. Kugeuza nusu mzunguko kunalionyesha kosa la katikati mara mbili yake, na ndiyo maana ni kipimo kizuri.

Z nayo inapimika kwa njia hiyo. Chonga ubapa mwepesi kwenye A0 hadi Z20, zungusha A180, chonga mwingine hadi Z20, kisha pima unene kwa kalipa. Inatakiwa 40.00. Ukipata 40.30, sifuri yako iko juu kwa 0.15, ishushe kiasi hicho. Kwa Y, fanya kama nilivyofanya mimi bila kukusudia, ila tumia chuma chakavu: toboa kutoka pande mbili, pima kijingazi, gawa kwa mbili.

Bado unabaki na swali la upande: Y uisogeze kwenda mbele au nyuma? Rudisha kipande kwenye A0 uangalie tundu la juu limelalia wapi. Langu lilikuwa limesogea nyuma, basi nikaivuta sifuri mbele 0.2 na kutoboa kipande kipya. Pini ikapita.