KUFUNGA MNYORORO KWENYE TREKTA KWA AJILI YA KUVUTA MIZIGO MIZITO

Madereva wa matrekta, watumishi wa Idara zinazotumia vyombo hivyo, masheha, pamoja na wananchi wanaokodi trekta kwa shughuli zao wanafahamishwa kuwa namna ya kufunga mnyororo nyuma ya trekta ni jambo linalohusu maisha ya dereva. Trekta hununuliwa kwa ajili ya kulima na kuburura, lakini katika visiwa vyetu huitwa kwa kila lililoshindikana: gogo la mnazi lililoangukia njia, lori la mchanga lililozama, mashua inayopandishwa pwani kwa matengenezo, au trekta jengine lililokwama bondeni wakati wa masika. Katika kazi zote hizo, suala la kutazamwa mwanzo ni mahali utakapofungwa mnyororo.

Mahali panaporuhusiwa ni pamoja tu, napo ni kwenye chuma cha kuvutia, yaani kile kipande kinene chenye tundu la pini kilichotokeza nyuma, kati ya magurudumu makubwa, chini ya usawa wa ekseli. Mtengenezaji alikiweka hapo kwa makusudi. Injini huzungusha ekseli, na ekseli huzungusha magurudumu. Iwapo mzigo utakataa kusogea na magurudumu yakawa yameshika ardhi imara, nguvu ile haipotei; hugeuka kulinyanyua trekta lenyewe, na pua yake ikaanza kupanda. Mnyororo ukiwa umefungwa chini, kadiri pua inavyopanda ndivyo chuma cha kuvutia kinavyoteremka kuelekea ardhini, na uwezo wa mnyororo wa kulibinua trekta ukapungua. Kwa kawaida magurudumu huteleza au injini huzimika, na hapo huwa ni salama.

Mnyororo ukifungwa juu, kwa mfano kwenye mkono wa juu unaoshikilia jembe, kwenye nguzo ya kiti, au ukazungushwa kwenye ekseli yenyewe, kinga hiyo huwa haipo. Trekta huanza kubinuka kinyumenyume, na katika muda wa takriban robo tatu ya sekunde hufika pahala ambapo haliwezi tena kurudi chini. Baada ya sekunde moja na nusu hivi huwa limekwisha kulala chali, na dereva yuko chini yake. Kuitambua hatari na kuupeleka mguu kwenye klachi huchukua muda kama huo au zaidi, hivyo uhodari wa dereva hausaidii kitu. Wapo madereva wanaoeleza kuwa kufunga juu huyafanya magurudumu yashike vyema. Maelezo hayo ni ya kweli, kwani uzito huongezeka nyuma; lakini uzito huo hutoka kwenye pua ya trekta, na ndio uliokuwa ukiizuia isipande.

Aidha, katika mabonde ya mpunga kama vile Cheju na Kibokwa, trekta linapozama topeni hutokea watu wakashauriana kufunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate pa kukanyagia. Ushauri huo ukataliwe. Gurudumu likizuiwa na gogo lisizunguke, kitakachozunguka ni trekta lenyewe juu ya ekseli yake. Inapasa jembe lifunguliwe, tope lichimbwe nyuma ya magurudumu, na dereva ajaribu kutoka kwa gia ya nyuma. Ikishindikana, liitwe trekta la pili.

Kuhusu mnyororo wenyewe, unene pekee hautoshi kuwa kipimo. Minyororo ya viwandani hupigwa chapa ya daraja kwenye baadhi ya pete zake, kama vile 30, 43, 70 au 80. Mnyororo wa milimita 10 wa daraja la 30 unaruhusiwa mzigo wa kilo 1,200 hivi. Wa unene huo huo wa daraja la 70 unafikia karibu kilo 3,000. Mnyororo usio na chapa uhesabiwe kuwa ni wa daraja la chini. Sasa tuchukue mfano wa lori lenye uzito wa tani 5 lililozama hadi usawa wa magurudumu. Waokoaji wa magari hukadiria kuwa nguvu ya kulitoa hukaribia uzito wake wote, na likizama zaidi ya hapo nguvu hiyo yaweza kuwa mara mbili. Hata ule mnyororo wa kilo 3,000 hautoshi. Kwa hiyo lori lipakuliwe mchanga na matairi yachimbuliwe kabla ya trekta kuwashwa, ingawa kazi hiyo ya jembe na pauro huwachosha watu na mara nyingi hurukwa.

Mnyororo usifungwe fundo, wala pete iliyokatika isiunganishwe kwa boliti ya kawaida. Dereva aanze kwa gia ndogo na aunyooshe mnyororo taratibu mpaka ukaze, ndipo aongeze mafuta. Kuvuta kwa mshtuko kumekatazwa, kwa sababu viwango vilivyotajwa ni vya mvuto wa polepole. Kamba ya nailoni hutanuka sana kabla ya kukatika na hurudi kwa kasi inayoweza kuua. Isitumiwe badala ya mnyororo. Watazamaji, hasa watoto, waondoshwe hadi umbali unaozidi urefu wa mnyororo mara moja na nusu, na asiwepo mtu wa kuuruka wala kuukanyaga.

Matrekta yenye fremu ya kinga juu ya kiti yatumiwe pamoja na mkanda wake. Uswidi ililazimisha fremu hizo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959. Zisifunguliwe kwa kisingizio cha kupita chini ya miembe na mikarafuu.

Kabla ya kila kazi mnyororo utandazwe chini na kukaguliwa pete kwa pete. Pete iliyorefuka, iliyopasuka, au iliyolika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene wake inaufanya mnyororo huo usifae kuvutia. Mnyororo uliokataliwa ukatwe vipande vifupi siku hiyo hiyo, ili asitokee mtu akauokota karakanani na kuutumia tena.