Muziki katika Tiba Shufaa kwa Mgonjwa wa Demensia: Nafasi na Mipaka Yake

Demensia ni hali ya kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa kujihudumia, inayosababishwa na maradhi ya ubongo, yakiwamo ya Alzheimer. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 walikuwa wakiishi nayo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa kuwa aina zake nyingi hazina dawa ya kuziponya, wajibu mkuu wa watunzaji ni kumpunguzia mgonjwa mateso. Makala haya yanafafanua nafasi ya muziki katika wajibu huo.

Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho. Muziki hugusa zaidi maumivu ya aina tatu za mwisho. Utafiti wa Jacobsen na wenzake (2015) ulionesha kuwa maeneo ya ubongo yanayohusika na kumbukumbu ya nyimbo zilizozoeleka kwa muda mrefu huhifadhika kwa kiasi katika maradhi ya Alzheimer. Hivyo, mgonjwa aliyesahau jina la mwanawe huweza bado kufuatisha wimbo wa ujana wake.

Kwa msingi huo, si kila muziki hufariji. Kwa mzee aliyezaliwa Morogoro mwaka 1945, faraja yaweza kuwa katika dansi la Salum Abdallah na bendi ya Cuban Marimba. Kwa mwingine, katika kasida au nyimbo za kwaya. Wimbo huohuo waweza pia kuamsha kumbukumbu ya msiba. Kwa sababu hiyo, familia huulizwa kwanza, na uso wa mgonjwa hutazamwa wakati wimbo unapopigwa.

Hata hivyo, muziki una mipaka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalihitimisha kuwa tiba ya muziki huenda ikapunguza dalili za sonona, lakini athari yake katika kupunguza fadhaa na ukali ni ndogo au haipo. Kwa upande mwingine, Husebo na wenzake (2011), waliowachunguza wakazi 352 wa nyumba za wazee nchini Norwei, walibaini kuwa kutibu maumivu kwa utaratibu maalumu kulipunguza fadhaa. Matokeo hayo yanaashiria kuwa kelele za mgonjwa asiyeweza kujieleza huenda zikawa ndiyo lugha yake ya maumivu.

Hivyo basi, mgonjwa anapohangaika, mtunzaji hana budi kuchunguza kwanza vidonda vya kulalia, kufunga choo, maambukizi ya mkojo, meno na viungo, na kuhakikisha kuwa dawa ya maumivu, ikiwamo mofini inapohitajika, imetolewa ipasavyo. Wimbo haupaswi kuchelewesha uchunguzi huo. Ukitangulizwa, unaweza kumtuliza msikilizaji aliye kando ya kitanda huku mgonjwa akiendelea kuteseka. Ukiambatana na tiba ya maumivu, humrejeshea mgonjwa sehemu ya utu ambayo maradhi hayajaifikia.