Magurudumu na Mizigo ya Bonde la Ufa, Sehemu ya Nne: Nguvu ya Tairi na Nguvu ya Ekseli

Kuzinduliwa kwa ujenzi wa kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, mwishoni mwa mwaka 2025, kumelipa uzito mpya swali ambalo wakulima na wachuuzi wa Njoro, Molo na Gilgil huwauliza mafundi wa jua kali kila msimu wa mavuno: je, trela ya kuvutwa na pikapu inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa zaidi kwa kubadilishiwa matairi na rimu peke yake? Barabara pana huleta mwendo wa kasi, na kasi ikikutana na mzigo uliozidi hulichemsha tairi hadi likapasuka. Kwa hiyo swali hili linastahili kujibiwa kabla lami mpya haijamwagwa. Sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza jinsi gari la ng'ombe lilivyoingia bara kwa barabara ya Sclater, iliyokatwa katika miaka ya 1895 na 1896, na jinsi reli ilivyofika Nakuru mwaka 1900, na mambo hayo hayatarudiwa hapa.

Mwezi Agosti 1908, kundi la Makaburu lililoongozwa na Jan van Rensburg, ambalo lilikuwa limeshuka Mombasa kutoka melini na kuletwa Nakuru kwa gari moshi, liliondoka mjini humo likiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe yapatayo arobaini, likaupanda ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa kuelekea nyanda za Uasin Gishu, ambako lilifika mwezi Oktoba. Ardhi waliyoiendea ilikuwa na wenyewe, na dhuluma hiyo ilielezwa katika sehemu ya pili. Linalochunguzwa hapa ni gurudumu lao, kwa sababu nalo liliupima ukingo huo huo ambao malori ya leo huupanda yakinguruma kutoka Salgaa hadi Mau Summit. Safari iliyowachukua zaidi ya miezi miwili, katika misitu isiyokuwa na njia na matope yaliyoyameza magari hadi kwenye vitovu, leo humalizwa kwa saa chache, na wepesi huo umewasahaulisha wengi kwamba uzito haujapungua hata chembe, bali umehamishwa tu kutoka kwenye magurudumu ya mbao hadi kwenye mpira na beringi.

Gurudumu la gari hilo lilikuwa na sehemu nne, yaani kitovu cha mbao ngumu kilichozunguka kwenye ncha ya ekseli, njiti zilizochomekwa kitovuni, vipande vya mbao vilivyoungwa kuufanya mzingo, na ukanda wa chuma uliouzunguka mzingo huo, ambao ndio uliokuwa tairi la siku zile. Ukanda huo ulifanywa mdogo kidogo kuliko gurudumu, ukatiwa motoni hadi ukatanuka, ukavishwa ukiwa mwekundu, kisha ukamwagiwa maji ili usinyae na kuzibana mbao zote kwa pamoja. Wakati wa kiangazi mbao zilikauka na kunywea, ukanda ukalegea, ikawa lazima kuliloweka gurudumu mtoni usiku kucha ili mbao zivimbe tena. Fundi wa magari hayo hakuwa na kitabu cha hesabu, lakini alijua jambo ambalo wauzaji wengi wa matairi wa leo hawamwelezi mteja, nalo ni kwamba ukanda mpana na mzito ukivishwa kwenye njiti za zamani hauongezi mzigo hata ratili moja, kwa kuwa kitakachovunjika ni njiti. Mteja aliyetaka kubeba zaidi alitengenezewa kitovu, njiti, mzingo na ekseli mpya, ama alirudishwa nyumbani na gari lake.

Serikali nazo zilikwisha kulitungia gurudumu sheria mapema. Mwaka 1753 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoyataka magari makubwa ya mizigo yawe na magurudumu yenye upana wa inchi 9, yaani takribani sentimita 23, kwa hoja kwamba gurudumu jembamba huichimba barabara ilhali pana huishindilia, na wenye magurudumu mapana wakapunguziwa ushuru wa barabara. Wenye magari walijibu kwa hila: walitengeneza magurudumu yaliyokuwa mapana kwa kupimwa lakini yenye umbo la pia, au yenye ukanda wa katikati uliojitokeza, hivi kwamba sehemu iliyogusa ardhi ilibaki nyembamba kama zamani, nao wakalipa ushuru wa mwungwana huku wakiiharibu barabara ya umma. Tabia hiyo haijafa, na yeyote anayetaka kuiona ahesabu malori yanayopunguza mzigo kandokando ya njia kabla ya kufika kituo cha mizani cha Gilgil. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba ekseli ikiongezewa uzito mara mbili, madhara yake kwa lami huongezeka mara 16 hivi. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari huiruhusu ekseli yenye matairi manne kubeba tani 10, na ile ya usukani yenye matairi mawili tani 8. Hoja ya mwaka 1753 ingali hai ndani ya sheria hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na upepo. Robert William Thomson alisajili uvumbuzi wa tairi la upepo mwaka 1845, ukasahauliwa, hadi John Boyd Dunlop alipoufufua huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mashambani trekta lenye matairi ya upepo lilianza kuuzwa na Allis-Chalmers ya Marekani mwaka 1932. Katika tairi la upepo, kinachobeba mzigo hasa ni hewa iliyofungiwa, na mpira kazi yake ni kuizuia isitoke. Tairi kubwa hubeba zaidi kwa sababu lina hewa nyingi, na tairi lenye nyuzi imara hubeba zaidi kwa sababu linaweza kustahimili hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu. Likijazwa upepo pungufu, ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, joto hupanda, na matabaka yake huachana.

Nguvu hiyo imeandikwa ubavuni, na kila mwenye trela anapaswa kujifunza kuisoma. Tairi lililoandikwa 185R14C 102/100 lina upana wa milimita 185, linaingia kwenye rimu ya inchi 14, na herufi C inaonyesha ni la gari la mizigo. Nambari 102 si kilo, bali ni alama ya jedwali la kimataifa inayomaanisha kilo 850 kwa tairi linalofungwa peke yake, na 100 ni kilo 800 kwa kila tairi yanapofungwa mawili pamoja. Trela ya magurudumu mawili inayotumia tairi hilo ina matairi ya kubeba kilo 1,700, uzito wa trela yenyewe ukiwemo. Akivalisha 195R14C 106/104, mwenyewe anapata kilo 950 kila upande, jumla 1,900, faida ambayo ni magunia manne tu ya viazi ya kilo 50. Faida hiyo hupatikana upepo ukijazwa kwa kiwango kilichoandikwa, ambacho kwa matairi ya namna hii aghalabu ni paundi 65, na rimu ya gari dogo la abiria haikuundwa kwa shinikizo hilo.

Hata rimu ikifaa, ekseli haijabadilika. Ikiwa ilitengenezwa kwa kilo 1,500, trela hiyo ni ya kilo 1,500, hata ikivalishwa matairi ya lori. Rimu inayolisukuma gurudumu nje zaidi huongeza mzigo kwenye beringi za nje, na tairi refu zaidi huinua trela, huifanya iwe rahisi kupinduka na huweza kusugua bati la tope mzigo ukikaa. Kutoboa kitovu upya ili nati za rimu ya gari jingine ziingie, jambo linalofanywa vichochoroni, ni kosa lisilo na utetezi. Tarehe nayo isisahaulike: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 2319, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la trela huzeeka kwa jua hata likiwa limeegeshwa shambani bila kazi.

Lakini hesabu zote hizi huvurugwa na lumbesa. Sheria ya viazi imeweka gunia la kilo 50, ilhali gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba hupita kilo 100, kwa hiyo magunia 30 ambayo mwenyewe huyahesabu kuwa kilo 1,500 hugeuka kuwa zaidi ya kilo 3,000 bila yeyote kuyapima. Anayemnyonya mkulima wa Molo kwa gunia hilo ndiye huyo huyo anayelipasua tairi huko mteremkoni na kuwaua wasiohusika.

Trela nyingi za jua kali hutoka karakana bila maandishi yoyote ya uzito, na ekseli zake zimetolewa kwenye magari makuukuu ambayo hakuna anayekumbuka yalibeba nini. Mafundi wa Nakuru, ambao ustadi wao wa kuchomelea unajulikana, waanze kugongomea kwenye mkono wa kila trela kibati chenye nambari tatu: uzito wa trela tupu, uzito ambao ekseli inaruhusu, na uzito ambao matairi yanaruhusu. Mnunuzi aichukue iliyo ndogo kati ya hizo mbili za mwisho, aondoe uzito wa trela, na kinachobaki ndicho mzigo wake. Trela isiyo na kibati hicho isinunuliwe.